Shajara ya Mradi: Kupima Adenosini ya Moyo Katika Majimaji ya Kati ya Seli

Kabla ya wiki ya kwanza: tunapima nini, na wapi

Moyo unapokosa oksijeni, ATP yake (molekuli inayobeba nishati ya seli) huvunjika ikawa ADP, kisha AMP. Kimeng'enya cha 5'-nyukleotidezi huitoa fosfati ya mwisho, na adenosini hubaki huru kutanua mishipa ya koronari na kupunguza kasi ya mapigo. Athari hizi kwa moyo zilielezwa na Drury na Szent-Györgyi mwaka 1929, na mwaka 1963 Berne akapendekeza kwamba adenosini ndiyo inayolinganisha mtiririko wa damu ya moyo na mahitaji ya msuli wenyewe. Tangu hapo swali gumu limekuwa mahali pa kuipimia.

Njia nyepesi ni kukinga maji yanayotoka kwenye mishipa ya koronari. Tatizo ni kwamba adenosini haifiki huko bila kuvuka endotheli (tabaka la seli linalofunika mishipa kwa ndani), na seli za endotheli huinyakua na kuivunja kwa kasi kubwa. Kinachokingwa nje ni masazo ya kilichokuwamo ndani. Kwa hiyo tumeamua kuingia penye seli zenyewe kwa mikrodialisisi: uzi mwembamba wa utando unapitishwa ndani ya ukuta wa ventrikali ya kushoto, maji yanasukumwa humo polepole, na molekuli ndogo za kati ya seli zinapenya na kutoka nayo. Moyo ni wa panya mkubwa wa maabara, uliotolewa na kuning'inizwa kwenye mtambo wa Langendorff, unaousukumia maji ya chumvi kupitia mishipa yake ya koronari, kwa kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama.

Dutu za kupima ni sita: AMP, adenosini, inosini, hipozanthini, zanthini na asidi ya yuriki. Adenosini ikipimwa peke yake hupotosha. Ikiwa chini, huenda haikutengenezwa, au ilitengenezwa nyingi ikageuzwa inosini papo hapo. Ni mnyororo mzima unaoonyesha kilichotokea.

Wiki ya 1: miyeyusho sanifu

Kila dutu ilitengenezewa myeyusho mama wa 1 mM katika mililita 100: adenosini mg 26.7, inosini mg 26.8, hipozanthini mg 13.6, zanthini mg 15.2, asidi ya yuriki mg 16.8. Adenosini huyeyuka kwa uvivu kwenye maji baridi. Ukiyapasha hadi 40 °C na kukoroga, inaisha yote. Zanthini na asidi ya yuriki hazikubali maji matupu. Tulizilowesha kwanza kwa mililita 3 za NaOH ya 0.1 M, zikayeyuka, ndipo tukajaza maji hadi alama. Asidi ya yuriki ikikaa kwenye alkali huharibiwa polepole na hewa, kwa hiyo hii hutengenezwa siku ileile ya kutumika. Nyingine zinagawanywa katika vichupa vya mililita 1 na kugandishwa. Kichupa kilichoyeyushwa hakirudishwi barafuni.

Mizani isiaminiwe peke yake. AMP huuzwa kama chumvi ya sodiamu yenye maji ndani yake, na kiasi cha maji hayo hubadilika kadiri chupa inavyofunguliwa. Tulichanganya mara 20 na kusoma ufyonzaji wa mwanga katika nm 259. Kwa mgawo wa ufyonzaji wa 15,400, myeyusho wa 50 µM ungesoma 0.77 katika kisanduku cha sentimita 1. Tulisoma 0.70, maana yake myeyusho mama ulikuwa 0.91 mM. Adenosini ilikubaliana na mizani, na inosini katika nm 249 ilisoma 0.61 kama inavyotakiwa. Tumeandika namba ya ufyonzaji kwenye kila chupa, wala si ya mizani.

Wiki ya 2: kolamu inayokauka ikiwa imejaa maji

Dutu tunazitenganisha kwa kromatografia ya kimiminika: kiyeyushi huzisukuma ndani ya kolamu, na kila moja hutoka kwa wakati wake kama kilele kwenye kigunduzi cha mwanga. Tulianza na kolamu ya C18 (silika iliyopakwa minyororo ya kaboni 18), mm 150 kwa 4.6, chembe za mikromita 5, mililita 1 kwa dakika, 30 °C. Kiyeyushi kilikuwa KH2PO4 ya 20 mM (gramu 2.72 kwa lita), kilichochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.2. Kilianza bila methanoli kabisa, kikapanda hadi methanoli 15%. Siku ya kwanza vilele vilipangika vizuri: asidi ya yuriki, hipozanthini, zanthini, inosini, mwishoni adenosini.

Pampu ilizimwa usiku. Asubuhi hipozanthini na zanthini zilitoka karibu na mwanzo kabisa, zimebanana, na adenosini ilitoka mapema kwa dakika 3. Tulishuku uvujaji, tukashuku pH, vyote vikawa sawa. Sababu ni kwamba matundu ya silika yenye C18 huchukia maji matupu. Shinikizo likiondoka, maji husukumwa nje ya matundu, na dutu hazipati tena mahali pa kushikwa. Kolamu haijaharibika. Tuliisafisha kwa methanoli 60% na maji 40% kwa dakika 30, vilele vikarudi mahali pake. Tulipita kwanza kwa maji bila chumvi, maana fosfati ikikutana na methanoli nyingi huganda ndani ya mirija.

Kuanzia hapo kiyeyushi hakishuki chini ya methanoli 3%. Ratiba ni 3% kwa dakika 4, kupanda hadi 15% kufikia dakika ya 12, kubaki dakika 2, kisha kurudi na kusubiri dakika 8 kabla ya sampuli inayofuata. Tulipojaribu kufupisha hizo 8 ziwe 4, ni vilele vya mwanzo vilivyoyumba, na asiyeangalia angedhani ni tofauti ya sampuli.

Wiki ya 3: pH, mwanga, na kolamu nyembamba

Kiyeyushi tulichokiweka kwenye pH 5.5 kilitupa asidi ya yuriki isiyotulia. pKa yake ni karibu 5.4, kwa hiyo nusu ya molekuli zina chaji na nusu hazina. Kosa la 0.1 kwenye kipima pH linahamisha kilele. Isitoshe, fosfati haina nguvu ya bafa (ya kushikilia pH) penye 5.5. Tulipanda hadi 6.5. Huko asidi ya yuriki ina chaji karibu yote, inatoka mapema na kutulia, na fosfati iko karibu na pKa yake ya 7.2. Gharama yake imeiangukia AMP, ambayo fosfati yake hupoteza protoni ya pili penye takriban pH hiyohiyo, na sasa inasogeleana na asidi ya yuriki. Tunazitenganisha kwa mwanga: katika nm 292 asidi ya yuriki iko kileleni na AMP haionekani karibu kabisa. pH inarekebishwa kabla ya kutia methanoli, hadi tofauti isiyozidi 0.05.

Kigunduzi kinasoma nm 250, 260 na 292 kwa pamoja. Uwiano wa 250 kwa 260 ni alama ya utambulisho: adenosini ni karibu 0.8, inosini karibu 1.7. Guanosini hutoka mara tu baada ya inosini, na bila uwiano huu kilele kimoja kinaweza kuhesabiwa kwa jina la kingine.

Kisha tukafanya hesabu ya unyeti. Dialisati (maji yanayotoka kwenye uzi wa mikrodialisisi) inayotarajiwa ni µl 10 zenye adenosini ya 0.1 µM, yaani pikomoli 1 tu. Kwenye kolamu ya mm 4.6 kilele chake kingekuwa karibu 0.1 mAU (elfu moja ya yuniti ya ufyonzaji ni mAU 1), na mtikisiko wa mstari wetu wa chini ni 0.02. Haitoshi kwa kipimo cha kutegemewa. Kolamu ya mm 2.1 yenye chembe zilezile inapunguza eneo la ndani mara 4.8, kwa hiyo mtiririko unashuka hadi mililita 0.21 kwa dakika na kilele kinapanda karibu mara hiyo. Tulibadilisha, na mwanzoni hatukupata hata mara 2. Mirija kati ya sindano ya kuingizia na kigunduzi ilikuwa ileile ya zamani, ya tundu la mm 0.25, na kilele kilichofinywa na kolamu kikawa kinatanuka njiani. Mirija ya mm 0.12 iliyokatwa fupi, pamoja na kisanduku kidogo cha kigunduzi, ilitufikisha mara 4. Hapo tulitosheka.

Tuliwaza pia njia ya mng'ao, ambapo adenini hugeuzwa etheno-adenini kwa kloroasetaldehaidi na joto. Ina unyeti zaidi, lakini huona tu dutu zenye adenini. Inosini na hipozanthini haizigusi. Kwa mradi unaohitaji mnyororo mzima hilo ni pengo kubwa mno, na kemikali yenyewe ni sumu kali.

Wiki ya 4 na ya 5: kutengeneza proba

Proba, yaani uzi wa mikrodialisisi pamoja na mirija yake, za dukani zina ncha ngumu, na moyo unaopiga huzichokoa mpaka zichane msuli. Tunatengeneza za mstari, laini, zinazoingia upande mmoja wa ukuta na kutokea mwingine.

Vifaa: uzi wa selulosi wenye tundu, nje mikromita 220, ndani 200, utando unaozuia molekuli zaidi ya kilodalton 18, mirija miwili ya silika, nje mikromita 170, ndani 100, gundi ya epoksi, sindano ya geji 27. Chini ya darubini, silika inaingizwa ndani ya uzi kila upande hadi pabaki mm 4 wazi katikati. Tone dogo la epoksi linawekwa kwenye mdomo wa uzi. Tone kubwa hunyonywa ndani na kuziba utando, na proba hiyo huwezi kuiokoa. Tone likiwa dogo mno, kiungo hukatika moyo unapopiga. Kati ya 10 za kwanza, 4 zilikuwa nzima. Za sasa 8 kati ya 10 zinapita. Uzi huja umepakwa gliseroli ili usipasuke ukikauka. Unaoshwa kwa maji kwa dakika 30, na ukishalowa haukaushwi tena. Proba zilizokamilika zinakaa kwenye maji baridi.

Wiki ya 5 ilikwenda karibu yote kwa jambo moja, nalo ni uzito. Kila proba inasukumwa maji kwa 2 µl kwa dakika, yanakingwa dakika 10 kwenye kichupa kilichopimwa, na uzito lazima uwe mg 20. Proba za kwanza zilitoa 17. Hazikuwa zinavuja kwenye gundi. Silika tuliyotumia mwanzoni ilikuwa na tundu la mikromita 75 na mkono wa kutokea wa sm 30. Ukikokotoa ukinzani wa mrija huo kwa mtiririko huo unapata shinikizo la karibu kPa 13, sawa na mmHg 97, linalorudi nyuma hadi kwenye utando. Maji yanachujwa kupitia utando kwenda nje, yaani kwenye msuli. Sampuli inapungua, na maji ya kati ya seli yanayozunguka proba yanazimuliwa na maji yetu wenyewe. Tundu likiwa 100 na mkono ukiwa sm 15, shinikizo linashuka hadi kPa 2. Uzito ukarudi kati ya 19.6 na 20.1.

Kipimo hiki sasa ni sharti kwa kila proba, kabla na baada ya kila moyo. Kichupa kinafunikwa wakati wa kukinga, kwa sababu kwenye chumba cha 37 °C µl 1 ikiondoka kwa mvuke ni 5% ya sampuli. Mvuke na uchujaji vyote hupunguza uzito, lakini mvuke huikoleza sampuli na uchujaji hauikolezi, kwa hiyo lazima ujue ni kipi kilichotokea.

Maji ya kusukumia yalitushinda pia mwanzoni. Krebs (maji ya chumvi yanayolisha moyo) yenye bikaboneti na fosfati ikikaa ndani ya bomba la sindano hupoteza kaboni dioksidi, pH inapanda, kalsiamu inaganda na kuziba silika. Ikipata joto inatoa mapovu, na povu moja ndani ya uzi linafunika sehemu kubwa ya utando. Tumehamia kwenye myeyusho usio na bikaboneti wala fosfati: NaCl 140, KCl 4.7, CaCl2 1.25, MgCl2 1.2, HEPES 5, zote kwa mM, pH 7.4 kwenye 37 °C, uliochujwa na kupashwa joto kabla ya kuvutwa kwenye sindano. Kalsiamu inabaki ileile ya maji ya moyo ili proba isiinyonye kutoka kwenye msuli.

Wiki ya 6: uvunaji kwenye glasi

Proba ilizamishwa kwenye myeyusho wa 1 µM wa dutu zote, 37 °C, unaokorogwa. Uvunaji ni mkusanyiko unaotoka kwenye proba ukigawanywa kwa ule wa nje. Kwa adenosini tulipata 0.30 penye 2 µl kwa dakika, 0.50 penye 1, na 0.13 penye 5. Hizi zinafuata kanuni ya 1 − e^(−S/Q), ambapo Q ni mtiririko na S ni upenyaji wa utando mzima: kwa S ya 0.71 µl kwa dakika, kanuni inatabiri 0.30, 0.51 na 0.13. Proba isiyofuata mkunjo huu ina povu au utando uliozibwa nusu, na inatupwa. Hipozanthini ilivunwa zaidi ya adenosini katika kila kasi, kama inavyostahili molekuli iliyo nusu yake kwa uzito. Kwa hiyo kila dutu ina mgawo wake, na uwiano wa inosini kwa hipozanthini usikokotolewe kwenye dialisati ghafi.

Tumechagua 2 µl kwa dakika. Polepole zaidi kungevuna zaidi, lakini iskemia (kuunyima moyo mtiririko) ya dakika 30 inataka sampuli za dakika 5, na hiyo ni µl 10 tu za kufanyia kazi.

Mstari wa ulinganishaji: 0.05, 0.1, 0.25, 0.5, 1, 5 na 10 µM. Uchorwe kwa uzani wa 1/x. Bila uzani, pointi ya 10 ilitawala mstari wote na sanifu ya 0.1 ikasomeka 0.16. Baada ya sanifu ya 10, maji matupu yalionyesha adenosini ya 0.03, iliyobaki kwenye sindano. Sasa sindano inaoshwa mara 3 kwa methanoli 10%, na sanifu kubwa zinapimwa mwisho.

Wiki ya 7: moyo wa kwanza

Krebs kwa lita 1: NaCl g 6.90, KCl g 0.35, MgSO4 (yenye molekuli 7 za maji) g 0.296, KH2PO4 g 0.163, NaHCO3 g 2.10, glukosi g 1.98. Pitisha gesi ya oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5% kwa dakika 15, ndipo utie ml 1.25 za CaCl2 ya 1 M. Kalsiamu ikitangulia gesi, maji yanageuka maziwa. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 au chini. Vumbi la chumvi huziba kapilari za moyo polepole, na unaona mtiririko ukishuka bila sababu. Shinikizo ni mmHg 75, joto 37 °C.

Kuingiza proba: sindano ya geji 27 inapita sambamba na uso wa ukuta wa ventrikali ya kushoto, katikati ya unene wake, na kutokea upande wa pili. Silika inaingizwa kwenye tundu la sindano, sindano inavutwa nje, na silika inavuta uzi nyuma yake hadi matone yote mawili ya epoksi yawe kwenye kingo za msuli. Uzi ukichungulia nje hata mm 1, robo ya utando inapima hewa. Moyo unakatwa mwisho wa jaribio na nafasi ya uzi inaandikwa. Uzi ukiwa umeingia kwenye chumba cha ventrikali, data zake hazitumiki.

Jeraha la sindano ni suala kubwa kuliko linavyoonekana. Gramu moja ya msuli wa moyo ina takriban mikromoli 5 za ATP. Kama 0.1% tu ya hiyo ikimwagika na kuvunjika jirani na uzi, adenosini ya hapo inafika 5 µM, juu sana kuliko kiwango cha kawaida kinachohesabiwa kwa sehemu za mikromola. Sampuli ya kwanza ilikuwa na adenosini na inosini nyingi sana. Zilishuka kila dakika 10 na kutulia kati ya dakika ya 50 na 70. Kwa hiyo dakika 70 za mwanzo hazihesabiwi, na moyo ambao sampuli 3 mfululizo baada ya hapo zinatofautiana zaidi ya 15% hauendelei kwenye jaribio.

Kuna pia muda wa kuchelewa. Sm 15 za silika ya mikromita 100 zina µl 1.2, sawa na sekunde 35. Kichupa kinabadilishwa sekunde 35 baada ya tukio, si pamoja nalo.

Wiki ya 8: sampuli zinazojibadilisha

Tulipopima upya sampuli za wiki iliyopita, adenosini ilikuwa imepungua na inosini kuongezeka. Utando unazuia vimeng'enya vya kutoka kwenye moyo, kwani adenosini diaminezi (kimeng'enya kinachogeuza adenosini kuwa inosini) ina zaidi ya kilodalton 35, kwa hiyo dialisati inapaswa kutulia. Sanifu ya 1 µM iliyolala usiku kwenye kichukua sampuli, joto la chumba, nayo ilibadilika vilevile, ingawa haikuwahi kuguswa na moyo. Ni bakteria. Chupa ya HEPES ilikuwa na siku 9, na bomba la sindano lilioshwa kwa maji tu.

Sasa myeyusho unatengenezwa kila siku 2 na kuchujwa kwa 0.2, sindano na mirija vinapitishiwa ethanoli 70% kisha maji safi jioni, na kichukua sampuli kinakaa 4 °C. Sanifu iliyolala saa 18 katika hali hiyo ilibaki ndani ya 2%.

Maji ya koronari, ambayo tunayakinga kwa kulinganisha, hayana kinga hiyo. Baada ya iskemia seli zilizoumia humwaga vimeng'enya humo. Yanakingwa moja kwa moja kwenye asidi ya pakloriki baridi, kisha yanarekebishwa kwa K2CO3 na kuachwa kwenye barafu dakika 20 ili potasiamu pakloreti igande na kuondolewa kwa mashine ya kuzungusha. Ukikatisha muda wa barafu, chumvi hiyo hugandia ndani ya kolamu.

Wiki ya 9: je, kilele hiki ni adenosini?

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha namba zetu. Dialisati µl 9 zilitiwa µl 1 ya adenosini diaminezi, yuniti 0.05, dakika 10 kwenye 37 °C. Pembeni yake sampuli ileile ikatiwa kimeng'enya kilichochemshwa. Kilele kikiwa adenosini tupu, kinapaswa kutoweka chote, na inosini iongezeke kwa idadi ileile ya moli. Moli, wala si eneo la kilele, kwa kuwa dutu hizi mbili hazifyonzi mwanga sawa katika nm 260.

Sanifu ilitoweka yote. Dialisati za iskemia karibu zote. Lakini katika sampuli za moyo uliotulia, 15% hadi 30% ya kilele ilibaki palepale, dakika ileile, na uwiano wake wa 250 kwa 260 ulikuwa 1.1. Ni kitu kingine kilichojificha chini ya adenosini. Tulipima maji ya kusukumia peke yake, hayakuwa nacho. Tukapima maji yaliyopita kwenye proba mpya iliyozamishwa kwenye maji safi, bila moyo, nacho kilikuwapo. Kinatoka kwenye epoksi. Gundi ya proba hizo iliachwa ikauke usiku mmoja tu, saa 12, kabla uzi haujaloweshwa. Zilizokaa saa 48 kwenye 40 °C kisha zikaoshwa kwa mtiririko wa saa 2 hazina kilele hicho.

Kwa hiyo viwango vyote vya adenosini ya moyo uliotulia kutoka wiki ya 7 na ya 8 vimefutwa kwenye daftari la matokeo. Vya inosini, hipozanthini na zanthini vinabaki, kwa sababu gundi haina kilele kwenye nafasi zao. Kila kundi jipya la proba linapimwa kwenye maji safi kabla ya kutumika, na katika kila moyo sampuli moja ya utulivu na moja ya iskemia hupitishwa kwenye kimeng'enya. Hipozanthini na zanthini zilithibitishwa kwa zanthini oksidezi: zote mbili zilitoweka na asidi ya yuriki ikapanda katika nm 292.

Wiki ya 10: kutoka dialisati hadi msuli

Uvunaji wa kwenye glasi hauhamii kwenye msuli. Humo njia za molekuli zinapindapinda kati ya seli, na nafasi yenyewe ni sehemu ndogo ya ujazo wote. Tulitumia njia ya kutafuta pasipo na mtiririko wa dutu kuvuka utando: proba inasukumiwa adenosini ya 0, 0.25, 0.5, 1 na 2 µM, kila moja dakika 30, na dakika 10 za mwisho ndizo zinazopimwa. Unachora tofauti ya iliyoingia na iliyotoka dhidi ya iliyoingia. Mstari unapokata sifuri ndipo mkusanyiko wa nje ulipo, na mteremko ni uvunaji ndani ya msuli. Mpangilio wa dozi hubadilishwa kutoka moyo hadi moyo, vinginevyo kuchoka kwa moyo kunageuka kuwa mteremko.

Mteremko wa adenosini ulikuwa mkali kuliko ule wa inosini, na sababu inaeleweka: seli zinaichukua adenosini inayotoka kwenye uzi, kwa hiyo inapotea haraka kuliko mtawanyiko peke yake ungeruhusu. Tulifikiria kutia 2-kloroadenosini kama kipimo cha ndani kisichovunjwa, tukaacha, kwa kuwa huamsha vipokezi vya adenosini na ingeubadilisha moyo tunaoupima.

Iskemia ya dakika 30 kwa kufunga mtiririko wote, sampuli za dakika 5, µl 6 zinaingizwa kwenye kolamu. Moyo usio na mtiririko hupoa haraka, na baridi hupunguza uvunjaji wa ATP, kwa hiyo chumba kinafungwa na kujazwa mvuke wa 37 °C. Kipimajoto chembamba kiko juu ya msuli muda wote. Adenosini ilipanda tangu sampuli ya kwanza na kuacha kupanda kabla dakika 30 hazijaisha. Inosini iliipita na kuendelea, hipozanthini ikafuata nyuma. Mtiririko uliporudishwa, zote zilishuka kwa kasi. Namba za iskemia tunaziripoti kama dialisati tu, bila kuzigawa kwa uvunaji, kwa sababu mteremko ulipimwa moyo ukiwa na mtiririko na nafasi ya kati ya seli hubanwa seli zinapovimba.

Kazi ya wiki ya 11: mioyo 4 mipya kwa proba za saa 48 ili kujaza viwango vya utulivu vilivyofutwa, kupima mteremko wa inosini wakati wa iskemia kwenye mioyo 2, dozi 2 tu kwa kila moyo maana muda hautoshi zaidi, kubadilisha kolamu ya ulinzi, ambayo shinikizo lake limepanda tangu tuanze kuingiza sampuli zenye kimeng'enya.